Cockroach Species File kwa anayeshughulika na mende wa porini: inafaa wapi, inakwama wapi

Mende waliokwisha kupewa majina ya kisayansi wanakaribia spishi 4,600, na wanaohusiana na makazi ya watu ni kama 30 tu. Waliobaki wote wako porini: chini ya majani yaliyooza, ndani ya magogo, mapangoni, kwenye vichuguu vya mchwa, juu ya vichaka. Mwanafunzi wa zoolojia, mhifadhi wa msitu au mpiga picha wa wadudu anayetaka kuwajua hao, hasa akiwa Afrika Mashariki, hana kitabu cha mfukoni cha kumwongoza. Kinachopatikana bure, kwa yeyote mwenye simu na bando, ni Cockroach Species File, hifadhidata iliyoko cockroach.speciesfile.org. Iliasisiwa na George Beccaloni wa Uingereza, ikajengwa juu ya orodha kubwa ya Karlis Princis iliyochapishwa kwa mafungu kati ya 1962 na 1971, na imo katika familia ya hifadhidata za Species File zenye makao Illinois, Marekani.

Hukumu yetu tunaitanguliza: kama daftari la majina, haina mpinzani. Kama chombo cha kumtambua mende uliyemshika mkononi, haitoshi, wala haikukusudiwa kutosha. Anayeifungua kabla ya kumkagua mende wake ataishia kufananisha picha, na kufananisha picha ndiko kunakoharibu kazi nyingi za mende wa porini. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tathmini hii inahusu yale ya kufanya kabla ya kugusa kisanduku cha kutafutia.

Kilichomo kwenye ukurasa wa spishi

Ukurasa unaonekana mkavu, lakini kila mstari una kazi. Kwanza kuna jina, aliyelitoa na mwaka. Angalia mabano. Periplaneta americana (Linnaeus, 1758) ana mabano kwa sababu Linnaeus alimwita Blatta americana, na baadaye akahamishiwa jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) nyingine. Blatta orientalis Linnaeus, 1758 hana mabano kwa sababu hajatoka kwenye jenasi aliyowekwa tangu mwanzo. Wengi wanaonakili majina kwenye ripoti huyafuta mabano wakidhani ni pambo, au huyaweka kila mahali. Yanakili kama yalivyo: yanamwambia msomaji kwamba maelezo ya awali ayatafute chini ya jenasi nyingine.

Chini yake kuna visawe, yaani majina mengine ambayo spishi hiyohiyo imewahi kupewa, na hapa ndipo hifadhidata inapolipa muda wako. Makala nyingi za fiziolojia za karne ya 20 zinamtaja Leucophaea maderae. Leo anaitwa Rhyparobia maderae. Supella supellectilium wa vitabu vya zamani ndiye Supella longipalpa wa sasa. Anayekusanya rekodi za zamani bila kupitia visawe atahesabu spishi mbili penye moja, na orodha ya msitu wake itavimba bure. Tabia nzuri ni kuingiza kila jina la zamani kwenye kisanduku, kufuata mpaka jina linalokubalika, kisha kuandika yote mawili kwenye jedwali lako pamoja na tarehe uliyotazama. Tarehe ni muhimu kwa sababu kurasa hurekebishwa.

Halafu kuna taarifa za holotipu, yaani kielelezo kimoja kilichobeba jina: jinsia yake, kilikookotwa, na jumba la makumbusho kinakohifadhiwa. Kwa spishi za kwetu utakutana na London, Berlin, Paris na Stockholm, kwa kuwa sampuli nyingi zilichukuliwa wakati wa ukoloni. Msafara wa Kiswidi wa Yngve Sjöstedt, kwa mfano, ulikusanya Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906. Jinsia ya holotipu usiipite. Ikiwa ni dume na wewe umeshika jike, ulinganisho wako una kasoro tangu mwanzo, na kwa baadhi ya jenasi kasoro hiyo ni kubwa kama tutakavyoona.

Mkague mende kwanza

Vifaa si vingi: lenzi ya mkono ya kukuza mara 10, au darubini ya macho mawili ya mara 10 hadi 40 kama ipo; koleo laini la ncha nyembamba, pini mbili, sahani nyeupe, na ethanoli ya asilimia 80. Piga picha ya rangi kabla ya kumtia kwenye ethanoli. Mende wa kijani hugeuka manjano humo, na utakuja kumtafuta kwenye jenasi zisizo zake. Ng'oa mguu mmoja wa kati uuweke kwenye ethanoli ya asilimia 96 kwa ajili ya vinasaba. Fomalini iepuke: hukakamaza viungo na huharibu DNA.

Swali la kwanza ni kama mende wako ni mpevu. Matunutu, yaani mende wachanga ambao hawajapevuka, wengi hawatambuliki hadi ngazi ya spishi, na jenasi kadhaa zina majike wapevu wasio na mbawa kabisa, wanaofanana na matunutu. Mgeuze tumbo juu, uhesabu vigae vya tumbo. Kwa dume mpevu, kigae kinachofunika viungo vya uzazi ni cha 9, na mara nyingi hubeba vijiti viwili vidogo viitwavyo stailasi. Kwa jike mpevu ni cha 7, nacho ni kipana na hakina stailasi. Kigae cha kwanza ni kidogo na hujificha nyuma ya nyonga za miguu ya nyuma, kwa hiyo anayehesabu harakaharaka hupungukiwa na kimoja na kukosea jinsia. Stailasi peke yake si ushahidi wa udume: matunutu wa kike nao huwa nazo, kisha huzipoteza.

Ukishajua ni jike, kitazame kigae hicho cha 7 kwa nyuma. Kwa familia ya Blattidae kimepasuka katikati na kuwa vipande viwili vinavyofunguka na kufungwa kama mlango wa mbao mbili. Kwa Blaberidae, na kwa mende wa upande wa Blattella (jenasi ya mende mdogo wa nyumbani, Blattella germanica), ni kigae kimoja kizima. Alama hii moja inakuokolea muda kuliko rangi zote za mgongoni, na inaonekana kwa lenzi ya mkono.

Kisha miguu. Kila mguu una nyonga, kiungo kidogo cha trokanta, paja, muundi, na wayo wa pingili 5 unaoishia kwa makucha mawili. Tazama paja la mguu wa mbele kwa chini, kwenye ukingo unaoelekea mbele. Miiba ya hapo ndiyo wataalamu wanayoiandika kwa herufi. Aina A ni miiba imara inayopungua ukubwa taratibu kuelekea ncha. Aina B huanza na miiba mikubwa michache karibu na mwili, kisha ghafla ikafuata safu ya vimiiba vyembamba kama nywele. Aina C haina miiba mikubwa kwenye safu, ila vimiiba vyembamba tu. Namba inayofuata herufi, kama A3, ni idadi ya miiba mikubwa ya nchani kabisa. Blattella ni wa aina A.

Makosa hapa ni mawili. La kwanza ni kusoma ukingo wa nyuma badala ya wa mbele; mguu ukishang'oka, pande huchanganyika kirahisi, kwa hiyo usome ungali mwilini. La pili ni miiba iliyovunjika: mende aliyebanwa mtegoni hupoteza kadhaa, na aina A iliyonyofoka huonekana kama B. Tafuta vitundu vya mizizi ya miiba, na usome miguu yote miwili ya mbele kabla ya kuandika herufi.

Mapaja ya kati na ya nyuma yana habari yake. Yakiwa na miiba mingi mikali kwa chini, unaelekea Blattidae au kundi la Blattella. Yakiwa na michache au karibu hakuna, elekea Blaberidae au Corydiidae. Corydiidae hutambulika zaidi usoni: sehemu iliyo juu ya mdomo, klipeo, imevimba na kutengwa wazi na paji la uso, na mwili mara nyingi una manyoya. Mbawa zao za nyuma, zikiwepo, hazina ile feni inayojikunja mara nyingi kama ya familia nyingine.

Kati ya makucha kuna kitakia kidogo, arolio, na chini ya pingili za wayo kuna vitakia vingine. Hivi ndivyo vinavyomwezesha mende kupanda kioo. Ukiwa na mende hai, mweke kwenye chupa safi ya kioo: Blatta orientalis hawezi kupanda, mende wa Madagaska Gromphadorhina portentosa hupanda bila shida. Jaribio hili haliwezi kukupa jina, ila linaweza kukuonya kwamba uko kwenye ukurasa usio sahihi. Kioo chenye vumbi au mafuta hukupa jibu la uongo.

Kuhusu mbawa, kumbuka kwamba ya mbele ya kushoto kwa kawaida hulala juu ya ya kulia. Sehemu ya ubawa wa kulia iliyofunikwa huwa nyepesi na isiyo na rangi kamili. Anayepiga picha ya ubawa wa kulia peke yake na kuulinganisha na mchoro wa ubawa wa kushoto ataona spishi mpya isiyokuwepo. Kunjua wa kushoto daima.

Ngao inayofunika kichwa, pronoto, ndiyo inayopendwa na wapiga picha kwa sababu ya mabaka yake. Umbo lake na kingo zake zinafaa. Mabaka yake yachukulie kwa tahadhari, kwani ndani ya spishi moja rangi hutofautiana sana.

Viungo vya uzazi vya dume

Huku ndiko kazi ya spishi inakoamuliwa. Tangu F. A. McKittrick alipochapisha utafiti wake mwaka 1964, uainishaji wa mende umesimama juu ya viungo vya ndani vya uzazi, pamoja na mkao wa kifuko cha mayai na meno ya firigisi. Louis Roth aliendeleza njia hiyo jenasi kwa jenasi kwa miongo kadhaa. Usipochambua dume, kwa jenasi nyingi hutavuka ngazi ya jenasi, hata hifadhidata ikufungulie kurasa zote.

Kata ncha ya tumbo, uiloweke kwenye potasiamu haidroksidi ya asilimia 10 usiku mmoja kwa joto la chumbani. Vaa glovu na miwani. Kimiminika hiki huunguza ngozi na macho. Kuichemsha ili kuharakisha ni kosa linalojirudia: ngozi laini huyeyuka, vipande vya kushoto na kulia vinaachana, na hujui tena kipi kilikuwa wapi. Suuza kwa maji mara kadhaa, tone la siki likiwa kwenye maji ya mwisho, kisha hamishia kwenye gliserini. Usiposuuza vizuri, punje nyeupe hujitokeza baada ya siku chache na kuziba kila kitu.

Tafuta ndoano, kile kipande kilichopinda kati ya viungo hivyo. Kwa Blattella na jamaa zake iko kushoto. Kwa Pseudophyllodromiidae, walimo Supella, iko kulia. Kushoto ni kwa mende mwenyewe, akitazamwa mgongoni, kichwa kikielekea mbali nawe. Ukimtazama tumbo juu, pande zinageuka, na baadhi ya programu za simu hugeuza picha bila kukuambia. Weka pini ndogo upande wa kushoto wa sahani kabla ya kupiga picha, na tatizo limekwisha. Vipande vihifadhi kwenye kichupa cha gliserini chenye namba ileile ya mende.

Familia zinazohama

Tangu kazi ya Inward, Beccaloni na Eggleton ya 2007, mchwa wanahesabiwa ndani ya oda ya mende, Blattodea, jamaa zao wa karibu wakiwa Cryptocercus, mende wanaokula magogo. Nje ya oda, ndugu ni vunjajungu. Hilo sasa limetulia. Lisilotulia ni kundi la Blattella. Vitabu vya zamani vinasema Blattellidae. Kisha jina Ectobiidae likachukua nafasi kwa sababu lilitangulia. Na mwaka 2020 Djernæs na wenzake wakaipasua Ectobiidae, Blattellidae ikarudi kama familia yenyewe, pamoja na Pseudophyllodromiidae na Nyctiboridae. Kwa hiyo makala ya 1985, ya 2014 na ya 2022 zinaweza kumweka mende mmoja kwenye familia mbili tofauti bila yeyote kukosea. Ukinakili familia kutoka kwenye hifadhidata, taja na mwaka. Usichanganye mfumo wa chanzo kimoja na wa kingine ndani ya jedwali moja.

Mifano mitatu ya kupima hifadhidata

Deropeltis ni mende wa Kiafrika wa familia ya Blattidae, weusi au wekundu wa hudhurungi. Dume ana mbawa ndefu na huruka kwenye taa. Jike hana mbawa, ni mnene, na hukaa chini ya magome na mawe. Ukiwakuta mahali tofauti, utaapa ni spishi mbili. Hifadhidata itakuonyesha orodha ya spishi na jinsia za holotipu, lakini haitakuunganishia jike wako na dume wako. Njia ya vitendo ni kuwafuga matunutu wa kichaka kimoja mpaka wapevuke, au kulinganisha vinasaba vya ile miguu uliyotunza.

Gyna, aliyewekewa jenasi na Brunner von Wattenwyl mwaka 1865, ni wa Blaberidae. Wapevu wana mbawa na huja kwenye taa. Matunutu hujichimbia udongoni chini ya majani makavu. Majike hawaachi kifuko cha mayai: hukirudisha ndani ya mwili na kuzaa matunutu hai. Hapa hifadhidata inasaidia sana kwa orodha ya spishi zilizorekodiwa Tanzania, Kenya na jirani, nayo ni fupi kiasi cha kufuatilia maelezo ya awali moja baada ya nyingine. Lakini ukichagua kwa rangi ya picha utapotea, kwani Gyna lurida peke yake ana sura ya manjano na sura nyeusi zaidi.

Wa tatu ni mende mdogo wa manjano mwenye mistari miwili myeusi kwenye pronoto, aliyekutwa kwenye nyasi mbali na nyumba. Wengi huandika Blattella germanica papo hapo. Jenasi hii ina spishi zipatazo 50, na Afrika ina Blattella lobiventris aishiye mashambani. Inua mbawa za dume utazame mgongo wa tumbo: germanica ana tezi kwenye vigae vya 7 na 8 vya juu, na umbo la vishimo vyake ndilo linalotenganisha spishi. Ukurasa wa hifadhidata utakuelekeza kwenye marejeo yenye michoro hiyo. Usitegemee kuipata kwenye ukurasa wenyewe.

Kasoro zake

Picha ndiyo kasoro inayoonekana kwanza. Spishi nyingi za porini hazina hata moja, na zilizopo mara nyingi ni za kielelezo kilichokauka kwenye pini, kilichokunja miguu. Maeneo ya usambazaji mara nyingi huishia kwenye ngazi ya nchi. Kuambiwa «Tanzania» hakumsaidii anayetaka kujua kama spishi ni ya Usambara, ya misitu ya pwani au ya nyika, tofauti ambayo kwa mende asiye na mbawa ndiyo yote. Rudi kwenye taarifa za holotipu, na uwe tayari kwa majina ya zamani: Tanganyika, Deutsch-Ostafrika, British East Africa. Nukta ya ramani isiyotokana na sampuli usiinakili kama mahali pa kweli.

Lugha ni Kiingereza na Kilatini tu, na maelezo ya umbo la mwili ni machache au hayapo kabisa. Marejeo yametajwa vizuri, lakini kuipata makala yenyewe ni kazi nyingine. Za kabla ya 1923 nyingi ziko bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Biodiversity Heritage Library, na hapo ndipo utamkuta Robert Shelford, aliyeelezea mende wengi wa Afrika mwanzoni mwa karne ya 20.

Na haiwezi kuwa na kile ambacho bado hakijaelezwa. Mende arukaye wa Table Mountain, Afrika Kusini, Saltoblattella montistabularis, mwenye miguu ya nyuma iliyonenepa kama ya panzi na macho yaliyotokeza, alipewa jina mwaka 2010 tu, kwenye mlima ulio juu ya jiji kubwa. Kwa hiyo ukifika mwisho wa orodha ya jenasi na mende wako hafanani na yeyote, usimlazimishe kuingia kwenye jina lililo karibu. Andika Gyna sp. au Deropeltis sp., ubandike lebo yenye mahali, viwianishi, mwinuko, tarehe, aliyekusanya na alipokutwa hasa, iwe chini ya gome au kwenye taa, kisha umpeleke kwenye mkusanyiko unaotunzwa, kama ule wa wadudu wa National Museums of Kenya, Nairobi, mahali ambapo mtaalamu wa jenasi hiyo anaweza kumfungua tena.